Redio ya Baba Iliyopona Kupita Kiasi

Redio aliyotuachia marehemu baba ilipoacha kusema, mama aliacha kukaa sebuleni. Jioni alibaki jikoni na kiti chake, na tukimsemesha alijibu ndiyo au hapana. Familia nzima ikanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye nisiyeweza kuona bisibisi nikaipita. Nikawaambia ni kazi ndogo.

Ugonjwa wenyewe niliujua. Kondensatere, kile kikopo kinachotuliza umeme kabla haujafika kwenye sauti, kilikuwa kimevimba hadi kupasuka. Sokoni hapa Kamina nilipata kipya, kinene, kinachong'aa, kwa bei ya kuchekesha. Hakikumaliza hata habari za jioni. Nilipokichana kwa wembe nilikuta ndani kikopo kingine kidogo sana, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Nikanung'unika ili nyumba nzima isikie, lakini moyoni nilishukuru. Mimi nikikaa mji mmoja muda mrefu miguu huniwasha, na sasa nilikuwa na sababu ya heshima.

"Baba ya batoto, unaenda tena wapi?" mke wangu aliuliza.

"Luena. Kutafuta kondensatere."

"Na Bukama?"

"Bukama iko mu njia. Nitakuletea samaki."

Mtu mwenye akili angenunua samaki wakati wa kurudi. Mimi nilinunua wakati wa kwenda, nikafika nao Luena wakiwa wameanza kunitangulia kwa harufu. Huko baba alifanya kazi ya reli nilipokuwa mdogo, kwa hiyo nilizunguka nusu siku nikitafuta nyumba yetu ya zamani, na nikasahau kabisa kilichonileta. Kilinikumbusha chenyewe: nje ya nyumba ya mzee mmoja, mstaafu wa reli, niliona redio kubwa ya kizamani imelazwa chali, na kuku ameatamia ndani.

"Papa, naomba ka kitu kamoja tu umo ndani," nilimwambia.

"Na kuku yangu atalalia wapi?"

"Sitamwondoa, papa."

Mzee alinusa hewa. "Mu ile kifuko iko nini?"

"Samaki."

"Basi, ingiza mukono."

Kuku alinidonoa kila nilipogusa. Lakini nilipokipima kikopo nilichokitoa, kilikuwa kizima, kazi ya wakati ule watu walipotengeneza vitu vidumu.

Nyumbani mke wangu alifungua mfuko. "Harufu ya samaki iko. Samaki yenyewe iko wapi?" Nilijifanya niko na haraka ya kuchomelea.

Redio ilisema. Sauti ilikuwa safi kama ya mtu aliyekaa nasi mezani. Nilimwita mama, nikasimama kando nikingoja sifa. Alisikiliza kidogo, akainuka.

"Haiko ile ya baba yenu. Ile ilikuwaka inanguruma kidogo chini-chini."

"Mama, ile ilikuwa ugonjwa."

"Basi uirudishie ugonjwa yake."

Akashika njia ya jikoni. Nikamwomba arudi akae. Nilitoa kikopo cha Luena, nikaleta mkebe ninamoweka vipuri vyote vilivyowahi kunidanganya, na wala si mkebe mdogo. Nilichomoa waya, nikafunga kimoja, nikawasha; nikachomoa tena, nikafunga kingine. Mama alifumba macho.

"Hapo inalia kama mashine ya kusaga."

"Na hapa?"

"Hapo haisikike."

"Bantu banatafuta kizuri," mke wangu alisema toka mlangoni, "weye unatafuta kibaya, na kibaya pia kinakushinda."

Vidole vyangu viwili vilikuwa vimeungua kabla mama hajafumbua macho.

"Njo ile yenyewe ya baba yenu," alisema, akavuta kiti chake karibu.

Mtangazaji alikuwa anaanza kusoma matangazo ya misiba. Nikainama kumweleza mama kwamba kikopo hiki ni kibovu, hakitadumu, na kwamba kile cha Luena kingeweza...

"Nyamaza, mwanami," alisema. "Miye nasikiliza."