Kidonda cha Melkiori na Ramani Niliyoikariri

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya soko pale Gasorwe, mwaka wa pili tangu turudi kutoka Tanzania. Amani ilikuwa imetulia, watu wakiezeka nyumba, nami nilikuwa na diploma ya maabara. Siisemi kwa unyenyekevu. Niliisomea kwa jasho langu, nikiuza karanga asubuhi na kuingia darasani mchana, na kilima chetu kizima hakikuwa na nyingine.

Siku hiyo, katika zahanati nilikofanya kazi, aliingia Melkiori, mkulima aliyerudi kama mimi. Shavuni alikuwa na kidonda kisichouma, kimevimba ukingoni kama kisahani, na vinundu vikielekea sikioni.

"Unatoka wapi?" nikamuuliza, kalamu mkononi.

Akakakamaa. "Mi wa hapa Gasorwe. Baba yangu amezikwa hapa."

Nikaandika Gasorwe. Kwa sisi tuliorudi, swali hilo lilinuka shamba: ukitaja kote ulikopita, jirani atasema wewe mgeni, achia ardhi. Kwa hiyo kila mtu alitaja kilima cha baba yake. Nililijua hilo vizuri, maana nami nilijibu hivyo hivyo.

Sasa, upo ugonjwa wa vidonda uletwao na kainzi kadogo kuliko mbu, uitwao leishmania, na ramani yake niliikariri kama sala. Vijidudu vyake si vya aina moja. Viko vya nchi kavu za kaskazini mwa Afrika na Uarabuni, vinavyoishi kwa panya wa jangwani. Viko vya miji ya huko huko. Viko vya misitu ya Amerika ya Kusini, vinavyoweza kula pua. Na viko vya milima ya Ethiopia na Kenya, vinavyokaa kwa pimbi, wale wanyama wadogo wa majabalini. Muyinga, mkoa wetu, haikuwamo. Basi nikatamka mbele ya foleni nzima: "Huu ni ukoma."

Neno lilifika kilimani kabla yake. Pombe ya mtama sisi huinywa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Melkiori akawekewa kibuyu chake pembeni. Mkewe akachukua watoto, akarudi kwao Buhinyuza.

Melkiori alimeza dawa za ukoma miezi mingi, kidonda kikabaki vile vile. Mwishowe nikampeleka hospitali ya Gitega, kwa Mama Zaituni, aliyezeeka kwenye darubini bila diploma yoyote. Mama huyo aliketi karibu na Melkiori.

"Baba, kabla ya kurudi ulikuwa unalala wapi?"

Melkiori akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Shamba langu halitaandikwa humo?"

"Humu tunaandika vidonda tu, baba."

Ndipo akaeleza. Alitoroka kambi ya wakimbizi kule Tanzania, akafika mlima Elgon, Kenya, akachoma mkaa miaka miwili akilala pangoni, na pimbi juu ya mawe.

Mama Zaituni akakwangua ukingo wa kidonda, akaweka kwenye kioo, akapaka rangi, akanisukumia darubini. Vijidudu vilikuwepo, kama vile vya kitabuni.

"We mwana wa diploma," akasema, "ramani unaijua sana. Lakini mtu iko na miguu. Kainzi inauma mtu pale amelala, si pale baba yake amezikwa."

Sindano zilichelewa kufika, na ziliuma, lakini kidonda kilifunga, kikaacha kovu. Kilichobaki kilikuwa changu. Jumapili moja nilisimama kilimani mbele ya watu nikasema, "Nilikosea. Ugonjwa wa Melkiori si ukoma, wala hauambukizwi kwa mrija." Nikachukua mrija wa Melkiori, nikauchomeka katika chungu cha wote, nikanyonya.

Mzee mmoja akafoka, "Eh, dogiteri, usitumalizie pombe!" Wakacheka, wakasogea, Melkiori akapata nafasi. Maharage yalipovunwa, mkewe alikuwa amekwisha rudi.

Mwanangu, soma. Diploma yangu ingali ukutani, na naipangusa kila Jumamosi. Lakini kabla hujaupa ugonjwa jina, uliza njia aliyopita mgonjwa, tena uulize kwa namna ambayo hataogopa kujibu. Nawe ukiugua, kumbuka kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Na ukikosea mbele za watu, usiende kutubu chumbani. Rudi pale pale uliposemea.

Mungu akupe jicho kali na ulimi mpole, na popote utakapolala, akuamshe salama.