Radhi ya Baba na Kipande cha Plastiki Nyekundu

Siku niliyomwendea baba kumwomba radhi naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Miaka ya tisini ilikuwa inaanza, nami nimepata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea fizikia. Sisi watu wa Mtongwe hatusafiri mbali bila radhi ya wazazi. Wako waliosafiri bila hiyo, na habari zao tulizisikia.

Baba alikuwa mkulima wa mihogo na minazi, mtu wa maneno machache. Alichelea nitaondoka binti yake, nirudi mgeni. Kila nilipomkabili nilimwapia kwamba sitabadilika hata unywele, naye hakunijibu. Mama akanishauri nimwonyeshe kazi yangu ya chuoni, huenda moyo wake ukalainika.

Nikampelekea baada ya sala ya alasiri. Kilikuwa kipande cha kioo kilichopakwa plastiki nyekundu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Nilikiweka baina ya vichujio viwili vyeusi vya mwanga, vilivyokingamana hata mwanga usipite, nikamwambia atazame dirishani. Kote giza, ila katikati paling'aa doa dogo.

"Ni nini hiki?" akauliza.

Nikamweleza polepole, maana baba hakupenda maneno ya mbio. Ndani ya plastiki ile mna chembe za rangi, zimelala ovyo kama njiti za kibiriti zilizomwagika. Kule chuoni tuliimulika kwa taa yenye mwanga uliochujwa hata ukawa unatikisika upande mmoja tu. Chembe iliyolala kuufuata upande ule huunyonya mwanga, hujikunja, kisha hujikunjua ikiwa imelala kwingine. Ikiangukia pale pale, hukunjwa tena. Ikilala kwa kukingama, mwanga huipita, nayo hutulia. Haba na haba, nyingi huishia zimekingama, na hapo zilipojipanga mwanga hupenya vichujio, doa likaonekana.

"Taa hiyo mliizima lini?"

"Kabla ya Ramadhani, baba." Na Idi ilikuwa imeshapita.

"Na hizo chembe hazijarudi zilivyokuwa?"

Mama akakohoa. Nilimtazama, nikaelewa: alitaka niseme hurudi. Neno moja tu la uongo, wallahi, na safari ingekuwa yangu. Baba hangejua kamwe.

"Hazijarudi, baba. Plastiki ndiyo inayozishikilia, mpaka ipashwe moto au imulikwe vingine."

Akakigeuza kioo mkononi. "Na wewe je? Huko wendako utamulikwa miaka. Mwacha asili ni mtumwa, ati."

"Sijui, baba. Huenda nami nikageuka."

Mama akainamisha uso. Baba akanirudishia kioo changu, nami nikajua yamekwisha. Kisha akanikemea, na kemeo lile sijalisahau.

"Siku zote hizi waja hapa kuniapia hutabadilika. Ni nani asobadilika? Mtu ataka radhi yangu, na huku yuwaniongopea! Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Leo ndiyo kwanza wanambia kweli. Haya, nenda, mwanangu. Nimekuwia radhi."

Nikaenda, na kugeuka niligeuka. Nilirudi na namna nyingine ya kufikiri, hata ya kunyamaza. Baba hakuniona. Alifariki nikiwa huko, na mazishi yake sikuyawahi. Uchungu huo ninao hadi leo, ila sina majuto, kwa sababu tuliagana bila uongo baina yetu. Wazee walisema radhi ni bora kuliko mali, na mimi nimeishi kwa radhi ile.

Basi nawe, mwanangu, unafunga mizigo. Usiniapie kwamba utabaki ulivyo. Angalia tu unakaa mbele ya nini kila siku, maana mtu hageuzwi na jambo la mara moja, hugeuzwa na linalorudiwa. Na wanaokupenda wakikuuliza, waambie kweli, hata ikiwa kweli hiyo itakunyima unachokitaka. Mola akutangulie uendako, akukinge na shari za watu, akurudishe salama. Na vyovyote utakavyorudi, mlango wetu ni wako.