Boma la Kina Athieno

Ukuta wa udongo uliokandikwa juzi una harufu yake: samadi mbichi ya ng'ombe, jivu, na udongo mwekundu unaoanza kushika. Nikiipata harufu hiyo popote, hata leo, nageuka nikitarajia kumwona Athieno.

Tulikuwa darasa la nane. Kila asubuhi tulitoka pamoja upande wa Uganda, tukavuka mpaka kwa njia ya mashambani na kwenda kusoma Busia ya Kenya. Huko mtihani wa taifa ulikuwa na karatasi ya Kiswahili, na mwalimu wetu alitumezesha msamiati kama dawa ya minyoo. Ijumaa moja neno lilikuwa mahame.

"Mahali palipohamwa na watu," nilijibu.

"Hiyo umekariri. Nipe sentensi."

Nilikuwa mtoto wa kuangalia vitu na kuvihesabu. Boma la kina Athieno lilikuwa na nyumba nne, na tatu zilikuwa zimebomoka tangu baba yake afariki na baba zake wadogo wahamie Osukuru. Katika ile ya nne alibaki yeye na nyanya yake. Nikasema kwa sauti: "Boma la kina Athieno limekuwa mahame."

"Sahihi kabisa," mwalimu akasema, akaiandika ubaoni.

Darasa likacheka. "Kumbe tunasoma na jini," mvulana mmoja wa nyuma akasema. "Athieno, huko kwenu mnakula nini?"

Athieno hakuinua kichwa. "Lakini sisi iko pale," alisema polepole. "Mimi na nyanya."

"Sema tupo," mwalimu akamsahihisha, akaenda kwa neno lingine.

Jioni hakunisubiri. Jumatatu nilipopita kwao, ukuta unaotazama njia ulikuwa umekandikwa upya wote. Kwetu watu hukandika Krismasi ikikaribia, na huo ulikuwa mwezi wa sita. Athieno alikuwa amepitisha vidole juu yake, mawimbi juu ya mawimbi, hadi pale mkono wake ulipofika. Ndani nyanya yake alikuwa akikohoa. Nilidhani wanangoja wageni.

Nyanya alifariki wiki chache kabla ya mtihani. Baba mdogo mmoja akaja kumchukua Athieno, akafunga mlango kwa waya. Siku ya mtihani dawati lake lilikuwa tupu, na karatasi iliuliza mahali palipohamwa na watu huitwaje. Nilipata. Kwa miaka mingi niliamini kwamba sentensi yangu ndiyo iliyowatoa pale.

Mwaka jana nilipita tena. Mvua imeula ukuta kutoka juu, ila chini, nyuma ya bati lililoanguka, mawimbi machache yamebaki. Niliweka vidole vyangu ndani yake, havikuenea. Hakukuwa na wageni waliongojwa. Alikuwa amenijibu kwamba wapo, upande wa njia niliyopita kila siku, nami niliyekuwa hodari wa kuangalia sikusoma.