Kiti cha Tatu cha Mwalimu Anyosisye

Cornelia akiwa na furaha, korido nzima inajua. Anatembea kwa kurukaruka, sweta limefungwa kiunoni hata kwenye baridi ya Julai ambayo sisi wengine inatufanya tujikunyate kama vifaranga, na mkikutana mlangoni anakushika mikono yote miwili utadhani umetoka safari ya mbali, kumbe mliagana jana jioni tu. Siku aliyoambiwa kwamba Jumatano ndiyo zamu yake ya mwisho ya kuangaliwa, alinishika hivyohivyo.

"Happyness, nikifaulu naachiwa chumba!"

Nikamwambia apunguze sauti, kuna mteja ndani. Akaziba mdomo kwa kiganja, akaendelea kucheka kwa mabega.

Tulikuwa wanasaikolojia tarajali wawili katika kitengo cha ushauri nasaha cha chuo kimoja hapa Sumbawanga mjini. Shahada tulikuwa nazo. Kilichobaki ni mafunzo kwa vitendo, yaani sisi kuwasikiliza wanafunzi wenye shida, na msimamizi kutusikiliza sisi. Mimi wazazi wangu ni wafanyabiashara waliohamia kutoka Mbeya, nimekulia Chanji, hapahapa mjini, na Kifipa changu kinaishia sokoni. Cornelia ni wa kijijini hasa, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, na kwao hakuna mwingine aliyewahi kufika chuo kikuu. Nyumbani walishaanza kumwita daktari. Ukiwasahihisha wanacheka, halafu wanamwita daktari tena.

Msimamizi wetu alikuwa Mwalimu Anyosisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mrefu asiye na haraka na jambo lolote isipokuwa basi la kwenda kwao. Siku hizo kila akipata nafasi alikuwa anasafiri. Akirudi tukamuuliza habari za huko, anajibu "nzuri sana", kisha anauliza nani anaanza kueleza kazi yake ya wiki.

Chumba cha ushauri kilikuwa na viti viwili vyenye mito, cha mteja na cha mshauri. Cha tatu kilikuwa cha mbao, cha Mwalimu, na kilikaa pembeni karibu na dirisha. Mteja aliombwa ridhaa kwanza, akikubali, Mwalimu aliketi pale bila kusema neno. Jamani, kile kiti! Unamuuliza mteja swali na shingo inakuwasha, kwa sababu unajua kuna macho dirishani. Kuachiwa chumba maana yake kiti kile kinatolewa, unabaki wewe na mteja wako. Asiyeachiwa hapewi cheti. Cornelia alikuwa ameshaongezewa muda mara moja, na hakuna aliyewahi kuongezewa mara ya pili.

Kilichomponza ni salamu. Kwa Wafipa huwezi kumfikia mtu ukaanza tu na shida. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza nyumba, wazazi, watoto, shamba, mifugo, na kila swali linapewa jibu lake jema kabla ya kwenda kwenye linalofuata. Cornelia alilelewa hivyo na hakujua namna nyingine ya kuwa binadamu. Mteja wake wa kwanza alisalimiwa mpaka muda ukaisha.

"Cornelia," Mwalimu alimwambia tulipokaa kwenye kikao chetu, "muda umekwisha na nyie bado mko kwenye mbuzi."

Nilicheka hadi machozi. Cornelia hakucheka. Kuanzia hapo akaacha salamu zote. Mteja akiingia anakuta mtu kakaa wima kama afisa forodha wa mpakani Kasesya: karibu, keti, una shida gani? Wateja walijibu kwa kifupi, wakaaga, hawakurudi. Tena wale wachache waliolia aliwawahi palepale: pole, nyamaza, jikaze, yataisha. Mwalimu akamwambia mtu akishaambiwa anyamaze ananyamaza kweli, na kilichokuwa kinakuja hakiji tena. "Jifunze kukaa na mtu anayelia," alisema. "Usimfute machozi upesi kwa sababu yanakuumiza wewe."

Cornelia alilichukua lile neno. Wiki nzima aliniomba nikae mbele yake nijifanye nalia, yeye ajizoeze kunyamaza. Hakuweza. Nikikunja uso tu, "pole" imeshamtoka.

Jumatano ikafika. Mteja alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza, kanga begani, amejibana kwenye mlango kama anayetaka kupita bila kuugusa. Alikubali Mwalimu awepo. Mlango ukafungwa, mimi nikabaki kwenye benchi la korido, utadhani wa kupimwa ni mimi. Yaliyotokea ndani niliyasikia baadaye kikaoni, tena bila mambo ya siri ya msichana mwenyewe. Hayo siyajui, na hata ningeyajua nisingeyaandika.

Cornelia alianza kama alivyozoea. Una shida gani? Sina. Nani amekushauri uje? Nimekuja tu. Masomo? Mazuri. Msichana akatazama mlango. Cornelia naye akatazama kiti cha tatu, na baadaye alisema kwamba moyoni alijiona kabisa yuko ndani ya gari na begi lake, anarudi kwa watu wanaomwita daktari.

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mafunzo yoyote. Aliinama palepale kitini, akapiga makofi taratibu, akamsalimia kwa Kifipa, maana lafudhi ile aliitambua.

Msichana alishtuka. Halafu mikono yake ikajikuta yenyewe inapiga makofi, akaitikia. Cornelia akauliza nyumba. Njema. Akauliza shamba, akauliza ulezi, akauliza mifugo, mbuzi wote kwa heshima zao, na kila swali likapata jibu lake jema, sauti ya yule binti ikizidi kufunguka. Mwalimu Anyosisye hajui Kifipa hata neno. Alikaa pale dirishani na kalamu yake, hana cha kuandika.

Msichana akaulizwa jambo moja, hata mimi sikuambiwa lipi, na jibu halikuja.

Mnajua salamu zetu zilivyo. Hata aliyelazwa wodini ukimuuliza habari anasema nzuri kwanza, ndipo anakueleza maumivu. Jibu jema ni lazima. Cornelia akaona makofi yamesimama, mikono ya msichana imebaki imegusana. Hakuuliza linalofuata, wala hakurudia lile. Msichana akaanza kulia, na Cornelia, yule Cornelia wa "pole" tatu kwa pumzi moja, akakaa. Alijishika magoti, akakaa. Baadaye msichana akaanza kusema mwenyewe, kwa lugha ya mama yake, na akasema mpaka mwisho.

Mimi niliona tu mlango ukifunguka. Msichana alitoka macho mekundu, anatembea katikati ya korido, akaniambia "shikamoo dada" kwa sauti iliyosikika. Nyuma yake akatoka Mwalimu. Kwapani amebana kiti cha mbao.

Nilipiga kelele. Nasema kweli, nilisahau kitengo, nilisahau wateja, nilipiga kelele kama mtu aliyeona goli. Cornelia alikuwa mlangoni, mikono kichwani.

"Sikuelewa neno," Mwalimu alisema, "ila nimeona ukimngojea. Kesho chumba ni chako."

Cornelia angeweza kuruka. Angeweza kumshika mikono yote miwili. Lakini furaha ilipomzidi alirudi kwao: akachuchumaa kwenye sakafu ya korido, akapiga makofi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," Mwalimu akajibu akitabasamu, kiti kwapani.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Hawajambo kabisa."

"Mashamba?"

"Yapo, tunashukuru."

"Na mama mzazi, kule Tukuyu?"

Mwalimu akafungua mdomo. Nilikuwa nalingoja lile "nzuri sana" lake. Halikuja. Tabasamu lilibaki usoni peke yake kwa muda, kisha nalo likaondoka.

Mimi "pole" ilikuwa tayari ulimini. Cornelia alinitazama mara moja, nikaimeza. Yeye alibaki pale chini alipochuchumaa, viganja vimegusana, hana haraka.

Mwalimu Anyosisye akakishusha kile kiti kutoka kwapani, akakiweka sakafuni, akakikalia. Mimi nikaingia ofisini, nikafunga mlango.