Habari Niliyopeleka Habaswein

Nyinyi mliokaa hapo kwa turubai, na nyinyi mnaojifanya mmelala chini ya lori, sikizeni. Mtacheka, najua, lakini mkifika katikati mtanyamaza wenyewe. Mwisho wa hii aibu mliuona kwa macho, lakini mwanzo wake nimeuficha tangu kabla ya Ramadhani, hata bibi yangu hajui (anajua, lakini anajifanya hajui, hiyo ndio heshima imebaki kwa nyumba yangu).

Mnanijua. Mimi ni tanboi wa lori, tanboi mwenye ndevu nyeupe, na shule sikuingia hata kuchungulia dirisha. Herufi nilifunzwa na migongo ya malori, kila lori iko na maandishi yake huko nyuma, na ukikaa kwa foleni ya daraja ya Tana siku nzima utasoma mpaka utatoka msomi. Kutoka hapo nikaingia kwa hadithi, zile vitabu za mtumba zinauzwa karibu na soko ya mbuzi, na wallahi nimesoma vitabu mingi kuliko mchanga ya Wajir. Ndio mkaanza kuniita Brofesa.

Na mnajua siwezi kusoma nikanyamaza. Zile za mapenzi mimi nazilaumu. Kijana ameona msichana dukani, wamependana kurasa mia, wamelia kurasa mia ingine, na hakuna hata mtu mmoja ameuliza huyu msichana ni wa nani na mjomba wake ako wapi. Wanateseka bure, wazee wawili na birika moja ya chai wangemaliza hiyo kitabu ukurasa ya kumi. Za upelelezi nazo, inspekta mzima anatafuta muuaji, anavuta sigara, anakuna kichwa, na nyayo ziko hapo kwa matope zinamwangalia. Mlete mzee yeyote wa Buna aliyewahi kupoteza ngamia, atainama mara moja akwambie huyu ni mtu mfupi, anachechemea, jana hakula, na ni mtoto wa fulani. Za majini nilisoma moja tu (mchana, katikati ya watu, na bado usiku nililala na viatu).

Lakini ile ilinimaliza ilikuwa moja ya jalada ya bluu. Ni ya kijana ameacha mama yake, amevuka jangwa, jahazi limezama, amevutwa kwa nywele kutoka kwa maji, mwisho amefika mji wa baridi anaoka mikate. Na hapigi simu nyumbani. Mama aliuza mifugo yote kwa ajili ya ile safari, sasa yeye anaona aibu kusema hana kitu. Kila Ijumaa anashika simu, anaandika namba ya mama yake, anaifuta. Mwandishi wa hiyo kitabu anajua kitu. Niliisoma kwa kabini nikalia mpaka dereva wangu Mutua akapunguza mwendo, akafikiri nimepata habari ya msiba.

Basi siku hiyo hiyo tukasimama Habaswein na mzigo ya vitunguu. Na huko msafiri hanywi chai ya bure, analipa na habari. Warran, wanakuambia, toa habari: mvua imenyesha wapi, nyasi iko wapi, nani ameoa, nani amezikwa. Na habari ya msafiri ni amana, watu wanahamisha ngamia juu ya neno lako. Mimi sikuwa na habari hata moja. Mvua hakuna, nyasi hakuna. Watu kumi na mbili wananiangalia, kikombe iko kwa mkono, moto, maziwa ya ngamia juu, nikaona haya kuwa msafiri mtupu. Nikaanza, "Kuna kijana mmoja wa kwetu, alienda tahriib, ile safari ya kuvuka bahari..."

Hapa Garissa nikianza hivyo kila mtu anajua Brofesa amefungua kitabu. Kule nani ananijua?

Nikasema, nikasema, nikaongeza chumvi, ile jahazi nikaizamisha mara mbili. Kulikuwa na mama mmoja anauza maziwa hapo pembeni, Hoyo Dahabo, yaani Mama Dahabo, mtu mzima, sikumwona mpaka alipoweka galoni yake chini.

"Huyo kijana ako hai?" akaniuliza.

"Ako hai, hoyo. Anaoka mikate."

"Iko na alama hapa, juu ya jicho? Alipigwa teke na punda."

Kitabu haikusema neno juu ya jicho. Hata punda hakuna humo ndani. Lakini stori ilikuwa imenoga, na yule mama alikuwa ananiangalia kama mtu wa kiu anaangalia kisima, na ulimi yangu haijawahi kunyima mtu kitu.

"Iko," nikasema. "Hapo hapo."

"Na kwa nini hapigi simu?"

"Anaona aibu, hoyo."

Akajifunika uso na shungi yake. "Ni yeye," akasema kwa ile shungi. "Tangu mdogo. Akivunja kikombe, siku hiyo analala kwa jirani."

Mutua akapiga honi. Kutoka pale mpaka kwa yule mama ilikuwa hatua tano, nimezihesabu kwa kichwa mara elfu. Nikapanda lori. Nikajiambia mama amefurahi, na furaha haijaua mtu.

Siku tisa baadaye niko hapa hapa, nafunga mbuzi juu ya lori, nikaona Probox imesimama na watu wanatoka, wanatoka, kama gari imewazaa. Mbele ni Hoyo Dahabo amebeba chupa ya samli. Nyuma yake kaka yake, mzee mrefu na bakora, na sheikh wa msikiti wao. Nikajaribu kujificha katikati ya mbuzi. Mbuzi wakanikataa.

Sheikh akaniita taratibu. "Waria, bwana, wewe ndio ulileta habari ya Cabdi? Miaka sita hatujasikia sauti yake. Tulikuwa tumeweka Ijumaa ya kumswalia kama maiti, hata kama mwili hakuna, ndio huyu mama apumzike. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho kukubali, na alikuwa amekubali. Sasa amekataa. Anasema mtoto anaoka mikate. Tupe namba yake."

Nikasema simu yangu imemezwa na mamba.

"Basi jina ya mji," akasema kaka yake.

"Ni mji wa baridi."

"Jina."

Nyinyi mlikuwa mmeshajaa hapo, si mnakumbuka, na Mutua (mtu wa Kitui, siri kwake ni kama maji kwa kikapu) akatoa kichwa kwa dirisha akasema, "Brofesa, si huyo ni yule kijana wa kitabu ya bluu? Yule alikuliza kwa kabini?"

Mkacheka. Siwalaumu. Mlicheka mpaka mkaona yule mama hacheki.

Nikateremka, nikatoa kitabu kwa shati. Mzee akainua bakora, sheikh akaishika, mimi nikasema mwache apige, na nilikuwa nataka kweli, maana fimbo ingekuwa nyepesi. Hoyo Dahabo akachukua kitabu. Akaigeuza huku na huku, akafungua katikati, akapitisha kidole kwa mistari.

"Ako humu?"

"Ako humu, hoyo. Lakini si Cabdi. Ni mtu wa kutungwa, hajazaliwa na mtu yeyote."

"Na ile alama?"

"Alama niliweka mimi."

Akakaa chini, juu ya gunia. Halafu akauliza, bila hasira, "Aliyeandika alijua vipi kwamba anaona aibu?"

Tangu siku hiyo kabla sijafungua mdomo nasema kwanza hii ni kitabu, hii ni kitabu, hii ni kitabu, mara tatu kama talaka. Na nikifika mahali sina habari, nakunywa chai yangu kimya kama mgeni bubu.

Sheikh alimwinamia akamwambia, "Basi Ijumaa, Dahabo." Mama alisimama, akanipa ile samli, nikakataa, akaiweka kwa mguu wangu. Kisha akanirudishia kitabu na mikono miwili, vile mtu anarudisha mtoto wa mwenyewe.

"Huyo aliyeandika," akasema, "yeye ako hai?"

"Nafikiri ako hai, hoyo."

"Basi mwambie amrudishe nyumbani."