Kibuyu Nilichojaza Mimi

Nina kijicho, sina haja ya kuzungukazunguka. Mdogo wangu Warigia nimemwonea wivu tangu tukiwa wasichana. Alipofika miaka hamsini akawa anakimbia kila asubuhi kutoka Kiganjo hadi Thika mjini na kurudi, amevaa suruali ya mazoezi mbele ya watu, wivu ukazidi. Mimi huku Gitothua nikipanda ngazi za ghorofa ya ploti ninapokaa nahema. "Mama Mburu, si utembee hata kidogo," angeniambia, na tumbo lake halina mkunjo.

Februari mwaka jana akapigwa na kiharusi akifunga kamba za viatu vyake vya mbio. Upande wote wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda kando. Nililia hospitalini, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini chini yake kulikuwa na kasauti kanauliza: basi hizo mbio zimekusaidia nini? Niliona aibu, ila sikukanyamazisha.

Ngurario ya binti yake, Ciku, ilikuwa imepangwa Agosti. Kwetu, siku hiyo ya harusi ya kimila, mama wa msichana ndiye humiminia mama mkwe wa bintiye uji wa kwanza kutoka kibuyuni, kwa mkono wa kulia, watu wote wakitazama. Wazee wakasema Warigia hawezi, dada yake mkubwa atasimama mahali pake. Mimi nimezaa wavulana watatu, sina binti. Uji huo nisingeumimina kwa njia nyingine yoyote. Nikapeleka kitambaa cha rinda kwa fundi siku hiyo hiyo.

"Nitamimina mwenyewe," Warigia akasema, maneno yakimtoka nusu nusu.

Oluoch, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamwambia mwili uliozoea mbio utamsaidia kuvumilia, lakini kazi bado ni yake. Akaagiza ainue kibuyu mara kumi, asubuhi na jioni, kikiwa na maji robo, tukiongeza kidogo kila wiki. Nilikuwa nimehamia Kiganjo kumuuguza, kwa hivyo kukijaza ilikuwa kazi yangu.

Wiki ya kwanza nilitia robo. Wiki ya tano alikuwa anafika kwa kioski akiegemea ukuta, majirani wakimpigia makofi. Mimi nimetembea karibu miaka sitini, hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Jioni hiyo nilijaza kibuyu hadi shingoni. Makusudi. Nilitaka kimshinde, akubali, aniachie uji wangu.

Kilimponyoka, maji yakatulowesha sote. Akanirudishia kibuyu.

"Tena," akasema.

Kesho yake nikakijaza vile vile, na siku zilizofuata pia. Oluoch alipokuja kumpima baada ya miezi miwili alishangaa, akamsifu mbele yangu kwamba wagonjwa wake wengi hawajafika hapo. Moyo ulinichoma hadi chai ikanishinda.

Siku ya ngurario Warigia alivuka uwanja na fimbo, akamwachia Ciku hiyo fimbo, akashika kibuyu kwa mkono wa kulia. Kidole kimoja kilikuwa kinatetemeka. Mama mkwe akamiminiwa uji hadi kikombe kikajaa, na hakuna tone lililoanguka. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilipiga, nikiwa na rinda langu jipya ambalo halikuwa na kazi tena.

Kisha, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango, akaja kwangu. Akanijazia kikombe, akainama sikioni.

"Kibuyu hiki ni chepesi, Mama Mburu. Chako ndicho kilikuwa kizito."

"Ulijua?"

"Si nilikuwa naona mahali maji yamefika?" Akacheka, ule mdomo bado umeenda kando kidogo. "Wengine wote walikuwa wananihurumia. Ni wewe tu hukunihurumia. Asante."

Nikapokea kikombe kwa mikono yangu miwili mizima, na uji wote ukanimwagikia kwenye rinda.