Bati Chini ya Mikaratusi

Watu wote niliwaambia nanunua lenzi ndefu kwa ajili ya ndege. Ulikuwa uongo wa heshima, wa mtu mzima mwenye mshahara mdogo anayetaka kununua kitu kikubwa bila kuulizwa maswali. Hapa Bunia mwanamke akisema anapenda kupiga picha za ndege, watu humwonea huruma na kumwacha. Akisema anataka kuangalia kijiji ambacho hakuna anayekwenda, watamkalisha kitako wamwombee.

Nafanya kazi maabara, kwenye kituo cha afya, mwaka wa kumi na nane sasa, jicho langu likiwa juu ya hadubini nikitafuta malaria katika damu za watu. Sheria ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba kipimo kimoja si kipimo. Rudia kabla hujampa mtu majibu. Naitaja mapema kwa sababu niliivunja, na niliyemvunjia ni mama yangu.

Mama na mimi tunaishi mtaa wa Bigo, nyumba ya kupanga. Kwetu hasa ni kilimani, upande wa njia ya kwenda Gety, na shida ni kwamba kilima hicho kinaonekana. Ukitoka mjini ukapanda kwenye mgongo fulani wa ardhi, asubuhi baada ya mvua, unaiona mikaratusi mitatu imesimama peke yake dhidi ya anga. Kwa macho matupu haizidi nywele tatu. Baba aliipanda pembeni ya zizi kabla sijazaliwa. Siku tuliyokimbia vita, yeye alibaki nyuma kuwafungulia ndama kamba. Alisema, "Mutangulie, niko nakuja." Hatukumwona tena. Waliopita huko baadaye walisema nyumba zote zilichomwa. Mwili wake hakuna aliyeuona.

Mama hakulia, wala hakukubali matanga. Kila Novemba, parokia inapokusanya majina ya marehemu kwa ajili ya misa, huandika wazazi wake, dada yake, na mtoto wake wa kwanza aliyekufa mchanga, kisha hurudisha kalamu. Wajomba zangu walijaribu kumbembeleza, akawatoa nje kwa adabu.

"Bwana yangu hakukufa mbele yangu," aliwaambia. "Siye hatuzikaka maneno."

Na hata tungetaka, tungeweka nini mezani? Huku matanga ni picha. Picha ya marehemu huwekwa mezani na maua ya plastiki, na kila anayeingia huiangalia kwanza ndipo alie. Picha za baba zote zilibaki ndani ya ile nyumba.

Basi nikaenda kwa muzee wa studio, mpiga picha wa zamani ambaye simu za mkononi zimemnyang'anya kazi na ambaye alikuwa akiuza vitu vyake kimoja kimoja. Alinipangia lenzi tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, yenye mdomo mpana unaokunywa mwanga hata jua likizama. Niliishika dakika moja mkono ukaanza kutetemeka. Ya pili ilianza karibu kabisa ikaenda mbali kabisa, zote ndani ya bomba moja.

"Hii inafanyaka yote," alisema, "na hapana hata moja muzuri. Niko na mukwe wa namna hiyo."

Ya tatu ilikuwa ya soixante-dix mpaka trois cents, yaani milimita sabini hadi mia tatu, nyepesi, yenye mashine ndani yake ya kutuliza mtikisiko wa mkono. Niliifunga kwenye kamera yangu kuukuu, nikasimama mlangoni nikasoma nayo kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Nikiivuta mpaka mwisho, herufi zililegea kidogo, nikiirudisha nyuma kidogo, zikakaza. Nilichukua hiyo, pamoja na stendi ya miguu mitatu.

"Sikia, mama," akaniambia akiifunga. "Weye unafikiri hii kitu inaletaka vitu karibu. Hapana. Inakunjaka njia tu. Vitu vyenye viko mbali-mbali, inavipanga pamoja sawa nguo ndani ya sanduku."

Nilicheka. Niliyapokea maneno yake kama sisi wanunuzi tunavyoyapokea maneno ya muuzaji aliyekwisha lipwa.

Mwezi wa kwanza nilipiga ndege kweli, ili uongo wangu uwe na nyama. Mwewe juu ya soko, korongo wenye taji kwenye majani yenye maji. Majirani walinitania kwamba nimenunua bomba la kurushia mabomu, na kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Barabarani askari alinisimamisha, akaisoma karatasi ya ruhusa niliyopewa na mkuu wa mtaa, kisha akaomba kuangalia. Aliielekeza magharibi muda mrefu.

"Inaweza kuona Kinshasa?" aliuliza.

"Hapana, kaka."

"Hata kidogo?" Alinirudishia polepole, kama aliyekuwa bado hajamaliza.

Halafu nikapanda kule kwenye mgongo. Paliponifaa palikuwa kando ya jiwe moja bapa, nikaweka stendi, nikazima ile mashine ya kutuliza maana juu ya stendi inaharibu badala ya kusaidia, nikaacha kamera ipige yenyewe ili mkono wangu usiitikise. Nyumbani nikaikuza picha kwenye kompyuta. Mikaratusi mitatu ilikuwepo, mirefu kuliko nilivyoikumbuka. Chini yake kulikuwa na bati. Bati zima, lisilochomwa, likimeremeta. Na mbele ya bati alikuwa amesimama mtu mwenye shati jeupe.

Niliinuka nikafunga dirisha, sijui kwa nini. Kisha, mimi niliyewakatalia majibu ya haraka wanawake waliokuwa wakilia mlangoni pa maabara, nilibeba kompyuta nikampelekea Mama jikoni.

Aliinamia kioo, mikono ikiwa na unga.

"Ni yeye," alisema. "Ona vile anasimamaka. Mukono nyuma."

Mkono haukuonekana. Mtu mwenyewe alikuwa vidoti vichache vyeupe, kitu ambacho kazini ningekiita uchafu wa kioo. Lakini Mama aliponiambia mkono uko nyuma, niliuona.

Kwa wiki tatu nilirudi pale kila nilipopata nafasi. Mahali ni pale pale kando ya jiwe, urefu wa stendi ni ule ule, saa ni ile ile. Nilijisifu kwamba nafanya kazi kwa uaminifu wa kimaabara. Na kila mara bati lilikuwepo, na mtu mweupe alikuwepo, amesimama vile vile, pale pale. Hakuwahi kuinama wala kugeuka. Hilo lilipaswa kunifungua macho. Badala yake liliniogopesha, na hofu ikanifanya niamini zaidi. Kazini nilianza kumwona kwenye hadubini, pembeni ya damu za watu, mweupe, akisubiri. Nililala vibaya na kuamka na hamu ya kwenda kumtazama.

Mama alikuwa mtu mwingine. Alianika koti la baba, lile moja lililotoka na sisi kwa sababu nilikuwa nimelivaa. Aliimba akichambua maharage. Kila jioni alisema, "Nionyeshe," nami nikamwonyesha. Mwishowe akaniambia bila kuinua macho:

"Jeudi ninaenda. Nimepata mutu wa pikipiki."

"Mama, kule hakuna anayekwenda. Wanaokwenda hawarudi."

"Baba yako iko kule peke yake, unanileteaka picha yake kila siku, na unaniambia nisiende? Weye mutoto gani?"

Alhamisi aliyoitaja ilikuwa karibu. Nilikimbilia kwa muzee wa studio na picha zote, nikamwekea mezani. Aliziangalia moja moja mpaka ya mwisho.

"Mama, mutu mwenye uzima hawezi simama hivi wiki tatu," alisema taratibu. "Hii ni kijiti chenye kuvaa shati, ya kufukuza ndege mu shamba. Na ona rangi. Miti iko nyeusi, bati iko na bluu-bluu. Bluu ni hewa. Bati iko mbali sana nyuma ya miti. Lenzi imekunja njia."

Nilimbishia. Nilimwambia maneno ya ukali ambayo bado nayaonea haya. Alingoja nimalize.

"Ni kipimo kidogo tu," alisema. "Sogea pembeni hatua trois cents, uangalie tena. Kama ni nyumba yenu, itabaki chini ya miti. Kama hapana, itatoka."

Kipimo kidogo tu! Wiki tatu nilikuwa nimesimama mahali pamoja nikijiita mwangalifu.

Jumatano asubuhi Mama alikataa kubaki. Tulipanda wote, yeye akiwa amevaa kitenge cha kanisani, kwa maana alikuja kumwona mumewe. Mvua ilikuwa imenyesha na hewa ilikuwa safi mno. Nilimweka nyuma ya kamera, kando ya lile jiwe, akaona bati, akaona mtu. Aliinua mkono kidogo kama anayetaka kusalimu, akaushusha.

Kisha nikamweleza tutakachofanya na kwa nini. Sikumficha kitu. Sauti yangu ilikuwa ile ninayowapa wagonjwa, na niliichukia.

Tulikwenda hatua hamsini hamsini. Kila tuliposimama nilitua stendi, nikalenga miti, nikamwachia yeye aangalie. Kwenye mara ya kwanza bati lilikuwa limeuacha mkaratusi wa kushoto. Kwenye ya tatu lilikuwa limetoka nje ya miti yote, na mtu mweupe ametoka nalo. Lilikuwa la nyumba ya watu nisiowajua, juu ya kilima kingine, mabonde mawili nyuma. Chini ya mikaratusi ya baba hapakuwa na ukuta wala zizi. Palikuwa na majani marefu, na upepo ndani ya majani.

Mama aliweka jicho pale hata nikadhani amesinzia akiwa amesimama.

"Piga," alisema.

"Nipige nini, Mama? Hakuna kitu."

"Njo hiyo. Piga hiyo yenye haina kitu."

Nikapiga. Tulishuka, na pale chini Mama mwenyewe akamwambia yule wa pikipiki kwamba kesho hakuna safari.

Matanga yalifanyika wiki ile ile. Muzee wa studio aliikuza ile picha na kuitia kwenye fremu, nasi tukaiweka mezani pamoja na maua ya plastiki. Nilidhani watu watashangaa. Waliingia, wakaangalia mikaratusi mitatu na majani, na waliotoka kilima chetu hawakuhitaji kuuliza. Walikaa chini wakalia. Mama alilia siku tatu, kwa sauti, kwa jina la baba, jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu tulipokimbia. Novemba iliyofuata aliliandika kwenye karatasi ya parokia, la mwisho, kwa herufi kubwa kuliko mengine.

Mimi sikulia. Baadhi ya Jumamosi huchukua lenzi na kurudi kule juu, na najua vizuri mahali pa kusimama. Kando ya jiwe lile, bati linarudi chini ya miti, na mtu mweupe amesimama mbele yake. Najua ni shati juu ya kijiti. Nimepima mara nyingi mno kushinda mahitaji. Nakaa naye nusu saa, kisha natafuta mwewe mmoja au wawili njiani ili nisirudi mikono mitupu.

"Umepata ndege?" Mama huniuliza nikiingia.

"Nimepata."

Jumamosi iliyopita hakuuliza habari za ndege. Alikuwa akichambua maharage, ungo juu ya magoti, akanisubiri niweke begi chini.

"Iko anasimama bado?"

"Bado, Mama."

Akasogea kidogo kwenye mkeka ili nami nipate kukaa, tukachambua pamoja.